Mdhamini wa Kwanza

Hope, mwenye steshenari ya Kijenge, alikuwa na tabia ya kusoma wasifu wa wateja wake kwa sauti huku akichapa, kama mwalimu anayesahihisha madaftari mbele ya darasa. Mchana ule wa Juni, baridi ikipenya chini ya mlango, alikuwa amefika sehemu ya mambo anayoyapenda mwombaji.

"Kusoma vitabu na kusafiri," alisoma. "Dada Ndeshi, nyie wote mnapenda kusafiri. Hiyo nauli mnaipata wapi?"

Watu waliokuwa wakisubiri kutoa kopi walicheka. Ndeshi naye alicheka, akamwambia afute, aandike kwamba anaimba kwaya. Hope akashuka mwisho wa ukurasa, kwa wadhamini, wale watu watatu ambao mwajiri huwapigia simu kuuliza kama mwombaji ndiye anayesema kuwa ndiye. Wa tatu alikuwa mchungaji wa usharika wao Moshono. Wa pili alikuwa mwenyekiti wa mtaa. Wa kwanza alikuwa Hatibu, bosi wake wa zamani, na namba yake ya simu.

"Hawa wote wapo?" Hope aliuliza bila kuinua macho. Alieleza kwamba juzi kuna mteja alirudi kumlaumu yeye, kumbe mdhamini alihamia Songea na kubadilisha laini.

"Wapo," alisema Ndeshi.

Hatibu alikuwa na wiki tatu kaburini.

Hakuwa amepanga kudanganya. Nyumbani kwa bibi yake, Machame, tangu siku ya maziko hadi siku ya kuanua tanga, marehemu hakuondolewa. Kigoda chake hakikukaliwa na mtu. Kikombe chake kilimiminiwa chai asubuhi, na jioni ikamwagwa mgombani ikiwa imepoa. Mpita njia akimuulizia, aliambiwa mwenye nyumba yupo, na hakuna aliyeona kuwa huo ni uongo. Ilikuwa adabu. Mtu aliachiwa muda aondoke mwenyewe, kwa hatua zake, asisukumwe na midomo ya watu. Ndeshi aliyadhani mambo hayo ameyaacha huko huko pamoja na moshi wa jiko la bibi. Lakini kidole cha Hope kilipogusa jina lile kwenye kioo cha kompyuta, mdomo wake ulijibu kama mdomo wa bibi yake.

Na kulikuwa na jambo jingine, zito zaidi, ambalo asingeweza kumweleza Hope mbele ya watu wa kopi.

Ndeshi alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja. Miaka kumi na minne ya umri huo aliitumia katika chumba kimoja, ghorofa ya pili, nyuma ya Soko Kuu, akiwa karani wa kampuni ya utalii yenye magari mawili. Kampuni ilikuwa ya Hatibu. Alikuwa Mpare wa Ugweno, mtu mrefu mwenye kikohozi cha kudumu, aliyevaa kanzu Ijumaa na sweta la kijivu siku nyingine zote. Alimtoa Ndeshi kwenye dirisha la tiketi za basi kwa sababu alimsikia akimtuliza abiria aliyeachwa na gari. Mkataba wao ulikuwa neno la mdomo. Mshahara ulitoka mkononi ukaingia mkononi. Hapakuwa na karatasi ya kuajiriwa wala ya kuachishwa, na kwa miaka yote ile hakuna aliyeona kasoro, kwa kuwa wawili wale waliaminiana.

Kisha korona ikaja, wageni wakaacha kuja, magari yakauzwa, na kompyuta ambayo ndani yake zilikuwamo barua zote alizowahi kuandika ikachukuliwa na mtu wa Babati. Ndeshi alipoanza kuzunguka na bahasha, kila ofisi ilimuuliza swali lilelile kwa namna tofauti: huko unakosema ulifanya kazi, nani alikuona? Alitafuta jibu na kukuta ni jina moja tu. Madereva walikuwa porini muda wote. Wageni walikuwa majina ya kigeni yaliyokwisha kwenda zao. Miaka kumi na minne ya maisha yake ilikuwa na shahidi mmoja.

Shahidi huyo, hata alipoanza kuumwa, hakumwacha. Ndeshi alimtumia kwenye simu kila barua ya maombi kabla ya kuipeleka, naye akamjibu kwa sauti, akipumzika katikati ya maneno. "Umeomba samahani mara mbili, Ndeshi. Moja inatosha. Ya pili inamwambia kuna kosa jingine umelificha." Au: "Usianze na shida zako. Anza na swali lake." Sauti ya mwisho aliyomtumia ilikuwa fupi, na nyuma yake ilisikika mvua juu ya mabati. Alisema: "Niweke wa kwanza. Wakinipigia, nitawaambia wewe ni nani."

Hakuna aliyempigia. Akafa mwezi wa Mei, siku ya Jumanne, akazikwa kabla ya magharibi kama ilivyo kwao, na Ndeshi akasimama upande wa wanawake, nje ya ukuta, akisikia udongo ukishuka.

Tangu hapo hakuandika kitu peke yake. Akiketi mezani kwake Moshono, binti yake Sia akiwa shuleni, aliweka neno moja na kulisikia likikataliwa. Aliweka jingine. Nyuma ya bega la kushoto palikuwa na mtu anayetembea polepole, anayefika dirishani na kugeuka, na kila alipopaswa kuweka nukta, mtu yule alikohoa. Hakuogopa. Kilichomtisha ni pale chumba kilipokaa kimya muda mrefu, akahisi kwamba huyu naye anachoka, anataka kwenda.

Jioni moja, kwa mazoea ya mkono tu, alituma barua mpya kwenye namba ile. Alipotambua alichokifanya ilikuwa imekwisha ondoka. Juu ya skrini, chini ya jina alilolihifadhi miaka mingi, *Bosi*, likatokea neno moja: mtandaoni. Alama mbili za barua yake zikageuka bluu. Mtu alikuwa ameisoma. Ndeshi aliweka simu kifudifudi juu ya meza, akatoka nje, akasimama uani. Upande wa mlima hapakuonekana chochote. Wingu lilikuwa limeshuka tangu mwanzo wa mwezi na halikuwa na haraka ya kupanda. Aliporudi ndani neno lile halikuwapo. Hakuna jibu lililokuja. Aliituma ile barua kwa mwajiri kama ilivyokuwa, bila kubadilisha herufi.

Ndiyo barua iliyomwitia usaili.

Ilikuwa hoteli ndogo mbele ya Tengeru, mwisho wa njia ya vumbi inayopanda katikati ya kahawa na migomba. Walitaka mtu wa mapokezi na wa kujibu barua za wageni. Meneja aliitwa Elihuruma, mwanamke Mmeru wa umri unaolingana na wake, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani na namna ya kusikiliza bila kutikisa kichwa. Hakumuuliza mapungufu yake wala anajiona wapi baada ya miaka mitano. Alimwekea mbele malalamiko ya mgeni mmoja aliyekasirika, maji ya moto yalikatika siku mbili, akamwambia aandike jibu pale pale.

Ndeshi aliandika. Nyuma ya bega lake hatua zilianza. Alijibu kwanza swali la mgeni, akaomba samahani mara moja, akaeleza kilichofanyika, akaishia hapo. Elihuruma alivaa miwani, akasoma, akarudia kusoma.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Bosi wangu, Mzee Hatibu."

"Huyu aliye wa kwanza kwenye wadhamini?" Elihuruma alifunua karatasi kutafuta jina. "Huyu nitapenda kuongea naye mwenyewe."

Hapo palikuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Ndeshi aliuona. Angeweza kusema, madamu, kwa bahati mbaya. Na mwanamke yule angempa pole, na mambo yangeendelea. Lakini hatua nyuma yake zilikuwa zimesimama, kama mtu anayengoja kusikia atatajwaje.

"Hata yeye atafurahi," alisema Ndeshi.

Akashuka njia ile ya vumbi akiwa na baridi hadi kwenye mifupa. Njiani akawa anahesabu njia za kutokea, na zote zilikuwa mbaya. Namba ile ingepigwa. Ama isingepokelewa, na yeye angeonekana ameandika mdhamini hewa, au ingepokelewa, na ukweli ungetoka kinywani mwa mtu mwingine. Kazi aliitaka kwa hamu iliyomtia aibu. Hakutaka mshahara tu. Alitaka kuamka asubuhi akijua kuna meza mahali fulani inamngoja, na mtu wa kusema, ndiyo, huyu yupo, namwona.

Asubuhi iliyofuata alikwenda Sombetini, nyumbani kwa marehemu. Mlango ulifunguliwa na Zakia, binti wa kwanza, aliyemwongoza ndani bila kuuliza. Mjane alikuwa eda. Mama Zakia, Arafa kwa jina lake, alikaa juu ya mkeka kwenye chumba chenye pazia zito, amejifunga nguo nyeupe isiyo na ua, uso umepungua. Simu ya Hatibu ilikuwa kando yake, waya wa chaji umeingia ukutani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Wewe ndiye mwenye barua."

Ndeshi alikaa. Arafa alisema kwamba alizisoma zote, za zamani na ile ya juzi, kwa kuwa siku za eda ni ndefu na hana pa kwenda. Alisema ile ya juzi ilimshtua kidogo. "Nikamwambia Zakia, huyu mtoto wa watu anamwomba maiti ruhusa ya kazi. Ama amechanganyikiwa, ama hajaambiwa."

"Niliambiwa, mama. Nilikuwepo makaburini."

"Najua. Waliokuwepo waliniambia, ulilia kama Mchaga." Mdomo wake ulikaribia kutabasamu, ukaacha.

Akaeleza kwa nini simu ile haijazimwa. Bado kulikuwa na watu wasiojua: dereva wa Karatu, fundi wa Himo, mgeni mmoja wa mbali anayeandika kila mwaka. Wanawake aliwajibu mwenyewe, wanaume wasio ndugu alimwachia Zakia. Kila aliyepiga, aliambiwa, akalia, na ilikuwa kama maziko yanaanza upya. Hata hivyo hakuweza kuizima. Ilipolia, alisema, kabla hajakumbuka, masikio yake yaliwahi chumbani kusikiliza kama mwenyewe anainuka.

Ndeshi alimweleza kila kitu. Steshenari, wadhamini, usaili, neno alilolisema kwa meneja. Aliongea akiutazama mkeka. Arafa alisikiliza hadi mwisho, na alipojibu sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Kwa hiyo mume wangu hajapumzika. Umemrudisha kazini."

"Aliniambia mwenyewe nimweke wa kwanza."

"Alikuambia akiwa hai. Ahadi ya mtu inakwisha naye. Mimi mwenyewe kuna aliyoniahidi, nimdai wapi?"

Zakia aliyekuwa mlangoni aliondoka taratibu. Arafa akasema kwamba jana kuna namba ngeni ilipiga mara mbili, na kwa kuwa hakujua ni mwanamke au mwanamume, aliiacha ilie. Hakuwa amemaliza kusema pale simu ilipowaka tena na kuanza kutambaa juu ya mkeka kwa mtetemo wake. Wote wawili waliitazama. Ndeshi aliitambua namba.

Arafa aliichomoa kwenye waya na kumnyooshea.

"Pokea wewe," alisema. "Mimi nimeshamwambia kila mtu. Wewe hujamwambia hata mmoja."

Ndeshi alibonyeza, akaiweka sikioni, na kabla akili haijafika, kinywa kilikwisha fika. "Habari za asubuhi, hapa ni ofisini kwa Hatibu, unaongea na Ndeshi, nikusaidie nini?" Ndivyo alivyopokea simu kwa miaka kumi na minne, na maneno yalitoka laini, yote kwa mpangilio wake, katika chumba cha eda.

Mbele yake Arafa alifunika mdomo kwa ncha ya nguo.

"Dada Ndeshi?" alisema Elihuruma upande wa pili. "Mbona simu ya mdhamini wako unapokea wewe?"

Ndeshi aliwahi kusikia habari za watu wanaoandika laini zao wenyewe, au za shemeji zao, wakajisifu kwa sauti ya kuigiza. Alijua meneja anawaza hivyo hivyo.

"Madamu, Mzee Hatibu amefariki," alisema. Hakuwa amewahi kulitamka. Lilikuwa neno dogo kuliko alivyodhani. "Alifariki Mei. Nipo kwa mjane wake."

"Mei. Kabla ya usaili."

"Kabla."

"Na ukaniambia atafurahi kuongea nami."

"Nilikuambia hivyo. Samahani." Samahani ya pili ilimpanda kooni, akaimeza.

Elihuruma hakupandisha sauti. Aliuliza kama huyo mjane yupo karibu, na kama anaweza kuongea. Ndeshi alirudisha simu, na tangu hapo akasikia upande mmoja tu. Alimsikia Arafa akipokea pole, akisema alhamdulillahi, akisema ndiyo, alikuwa mume wangu, ndiyo, ofisi ilikuwepo. Kisha akamwona akiliwazia swali.

"Hapana, mwanangu," Arafa alisema. "Sikuwahi kukanyaga ofisini kwao. Nilikuwa na watoto, nilikuwa na duka langu la vitenge." Akasikiliza tena. "Jina lake nimelisikia sana humu ndani. Lakini wewe unaniuliza kama nilimwona akifanya kazi. Sikumwona. Siwezi kushuhudia nisichokiona, tena nikiwa katika hali hii."

Simu ilipokatika hakuomba radhi, wala Ndeshi hakutegemea. Walikaa. Zakia alileta chai ya tangawizi, wakainywa, na Ndeshi alipoaga, Arafa aliushika mkono wake muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Kwenye mitaa ya Sombetini, kati ya nyumba zenye nondo zinazongoja ghorofa, alitembea akiwa mwepesi kwa namna isiyopendeza. Aligeuka mara kadhaa. Alipofika nyumbani alikaa mezani kumwandikia Elihuruma, na sentensi ya kwanza ilikuwa mbaya, na hakuna aliyeikataa. Aliandika ya pili. Hakuna aliyekohoa. Chumba kilikuwa chumba tu, kina meza na kalenda ya usharika. Alilia hapo kuliko alivyolia makaburini, kisha akamaliza barua ile mwenyewe, akaituma na makosa yake.

Jibu lilikuja siku ya pili, la mistari michache. Nafasi ilipewa mwombaji mwingine. Elihuruma aliandika kwamba kazi ile inategemea kuaminiwa, na kwamba jibu lake kwa yule mgeni ameliweka liwe mfano kwa wengine. Ndeshi hakujua afanye nini na sentensi hiyo ya mwisho. Aliendelea kuuza mayai kwa majirani, biashara iliyomlisha tangu kampuni ifungwe. Julai yote, na Agosti, mlima ulijitokeza asubuhi chache na kujificha tena, naye alipeleka bahasha Njiro, Sakina, Ngaramtoni, wadhamini wakiwa wawili. Kila mahali walimuuliza, huyu wa kazini yuko wapi?

Mwishoni mwa Septemba simu yake iliita alipokuwa anakung'uta mikeka, na kwenye skrini likaandikwa *Bosi*. Alisimama na mkeka mkononi hadi ikakaribia kukata.

Alikuwa Arafa. Eda ilikwisha, alisema, ameoga, ametoka, amekwenda kaburini, na sasa kuna mahali pengine anataka kupelekwa.

Walikutana nyuma ya Soko Kuu. Arafa alikuwa na baibui jipya na miguu iliyozoea kukaa. Alipanda ngazi akishika ukuta. Mlango wa ghorofa ya pili ulikuwa wazi na ndani kulikuwa saluni ya kusuka. Mwenyewe, mwanamke kijana wa Kimasai aitwaye Namnyaki, aliwakaribisha akidhani ni wateja, akaanza kusifia rasta mpya. Ndeshi alimweleza kwa kifupi. Namnyaki aliwatazama, akatoa kiti cha plastiki akampa Arafa, akarudi kwenye kichwa alichokuwa anakisuka.

Arafa alikaa akatazama kuta za rangi ya waridi, vioo, nywele sakafuni.

"Meza yake ilikuwa wapi?"

"Hapo penye kioo kikubwa. Yangu ilikuwa huku, karibu na mlango."

"Alikuwa anakaa?"

"Hakai, mama. Anatembea kutoka hapa mpaka dirishani, anageuka. Anasema, mimi naandika."

Arafa aliifuata njia ile kwa macho, kutoka kwenye kioo hadi dirishani. Alikuwa ameolewa naye miaka thelathini na nane na hakujua kwamba hutembea akifikiri, nyumbani alikaa. Alipangusa jicho kwa kidole kimoja, upesi, akajiweka sawa kwenye kiti kama mtu anayejiandaa kuhudhuria jambo refu.

"Haya. Anza asubuhi," alisema. "Ulikuwa unafika saa ngapi, na ulikuwa unafanya nini kwanza. Usiniruke. Siku wakinipigia, nataka niwe naijua kazi yako."

Ndeshi alisimama pale ilipokuwa meza yake. Alisema alifika kabla ya bosi, akafungua dirisha kwanza kwa sababu ya harufu ya samaki wakavu wa chini, kisha akawasha kompyuta, na wakati inajivuta akazisoma barua zilizoingia usiku. Namnyaki alipunguza sauti ya redio. Arafa aliuliza barua zilitoka nchi gani, na ipi ilijibiwa kwanza, na kwa nini.